Kabla ya Daraja: Tuliosoma Pesa kwa SMS

Chukua risiti ya M-Pesa yenye namba NLJ7RT61SV. Herufi tatu za kwanza zinakupa tarehe: N ni mwaka 2019, L ni Desemba, J ni tarehe 19. Namba hiyo imo katika mifano ambayo Safaricom yenyewe imewapa waandishi wa programu, na muda uliowekwa kando yake ni 19 Desemba 2019, saa nne na dakika 21 asubuhi. Jaribu mfano mwingine wa hapo hapo, LK451H35OP. L ni 2017, K ni Novemba, 4 ni tarehe 4. Inakubali. Siku zinaanza 1 hadi 9, kisha A inakuwa 10, B inakuwa 11, mpaka V ambayo ni 31. Mwaka ukiisha, herufi ya kwanza inapanda moja.

Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo. Niliyapata kwa kupanga risiti zangu mwenyewe kwa tarehe na kuzikodolea macho, na najua wengi mtaani waliofika hapo kwa njia hiyo hiyo. Historia ya M-Pesa huwa tunasimuliwa kupitia kampuni, mabenki na wataalamu waliokuja kutushangaa. Mimi nataka kusimulia ile ya wasomaji wa SMS.

M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007. Ilikuwa menyu ndani ya laini ya simu, kwa hivyo hata kabambe ilitosha. Ukituma pesa, maagizo yanasafiri yakiwa yamefichwa, kisha jibu linarudi kama SMS ya kawaida inayosomeka na yeyote. Seva zenyewe zilikaa Ujerumani mpaka Aprili 2015. Sasa, kama ulikuwa na biashara ndogo na unataka kompyuta yako ijue kwamba mteja amelipa, ungebisha wapi? Mlango wa mashine haukuwepo. Kilichokuwepo ni ile SMS. Ndiyo ikageuzwa itifaki, yaani makubaliano ya jinsi mashine mbili zitakavyoongea, ingawa upande mmoja haukuwahi kukubali chochote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unanunua modemu ya USB, unaweka laini, unaichomeka kwenye kompyuta. Modemu inaelewa amri zinazoanza na AT, lugha iliyoanza na modemu ya Hayes ya mwaka 1981. Ukiandika AT+CMGL="ALL" inakumwagia SMS zote zilizo kwenye laini. Kutoka hapo ni kukata sentensi kama nyama: namba ya risiti, kiasi, jina, simu, tarehe, salio. Wengine walianzia kwenye FrontlineSMS, programu ya Ken Banks ya mwaka 2005 iliyotengenezewa mashirika yasiyo na intaneti. Tanzania kulitoka EnvayaSMS, iliyogeuza simu ya Android kuwa daraja kati ya SMS na seva. Kukawa pia na PesaPi, programu huria iliyosoma ujumbe wa huduma za pesa za nchi kadhaa.

Tatizo ni kwamba ujumbe ule uliandikiwa macho ya mtu. Nafasi baada ya nukta leo ipo, kesho haipo. Mwishoni linabandikwa tangazo. Mtu akichagua Kiswahili kwenye menyu, "Confirmed" inakuwa "Imethibitishwa" na programu yako inakaa kimya kama haijaona pesa. Seva haina kosa, kwa sababu haikukuahidi kitu.

Halafu kuna wakora. Maneno ni maneno tu, yeyote anaweza kuyaandika yaleyale na kuyatuma kutoka laini yake, na wenye maduka wengi wameachia bidhaa kwa ujumbe wa aina hiyo. Programu nzuri ilikuwa inaangalia kwanza jina la mtumaji, kisha inapiga hesabu: salio la jana, jumlisha kilichoingia, lazima liwe salio jipya. Likikataa, kuna ujumbe umepotea au kuna uongo. Hesabu ya darasa la tatu ndiyo ilikuwa ulinzi wetu.

Mimi niliingia kazi hii hapa Mowlem, nikiwa nimeshaacha chuo. Mama mmoja mwenye ploti ya nyumba 24 alikuwa akipokea kodi kwenye laini yake binafsi na kunakili kila SMS kwenye daftari. Mwezi mmoja mpangaji wa nyumba ya nane alikaribia kufungiwa mlango, na alikuwa amelipa. Pesa ilitoka kwa simu ya shemeji yake, jina likawa geni, mama akadhani ni deni la mtu mwingine. Niliandika programu ndogo kwenye simu yake ya zamani. Ilisoma SMS, ikalinganisha namba za simu na nyumba, na jina lisilojulikana ikaliuliza badala ya kulitupa. "Kijana, hii imenipunguzia maneno na watu," aliniambia. Kwa mpangaji, tofauti ilikuwa kulala ndani au nje.

Utauliza, si tayari kulikuwa na mlango rasmi? Ulikuwepo. Mfumo mpya wa 2015 ulikuja na njia ya mashine kuongea na mashine, na 2017 ikaja Daraja, ambayo kijana mwenye kompyuta na subira anaweza kuijaribu bila kujuana na mtu. Ni kazi nzuri. Lakini ili upokee malipo halisi, Daraja inataka namba ya Paybill au Till. Laini ya mama wa ploti haimo. Kwake yeye, itifaki bado ni SMS.

Na wakati huo huo wengine walikuwa wamejifunza kuzisoma. Programu za mikopo kama Tala na Branch ziliomba ruhusa ya kuingia kwenye SMS za simu yako na kupima kutoka hapo kama unakopesheka. Google ilibana ruhusa hiyo mwaka 2019. Ujanja ni uleule wa kukata sentensi, ila safari hii anayesomwa ni wewe, na majibu hayaji kwako.

Mwaka huo huo wa 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data. Kifungu cha 38 kinampa mtu haki ya kupata data zake katika mpangilio ambao mashine inaweza kuusoma. Mwenye laini leo akiomba rekodi zake anapata PDF yenye nenosiri, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuichapisha na kuishika mkononi, basi. Tumefanya kazi ya kubahatisha tangu 2007, na tumeifanya vizuri. Sasa huyo mama apewe rekodi zake zikiwa zimepangwa, kwa laini yake mwenyewe, bila kupitia kwa kijana wa mtaa anayejua maana ya herufi J.