Port Bell: Hoteli mpya itaishije na majirani zake?

Port Bell, bandari ya Kampala katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, imepewa jina la Sir Henry Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda chini ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Leo gati lake limezungukwa na reli, kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1946, Gereza la Luzira, mwalo wa samaki na makazi ya watu wa kipato kidogo. Hivyo, anayekusudia kujenga hoteli hapa hana budi kuanza na yale aliyoyakuta.

Ziwa na mipaka yake

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa mita 200 kutoka ufuo wa Ziwa Victoria kuwa eneo la hifadhi. Katiba ya 1995 nayo inaiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa na ardhi oevu kwa manufaa ya raia wote. Tahadhari hiyo ina sababu: mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango cha 1964, yakafurika katika mialo na majengo ya ufukweni.

Majitaka

Mtaro wa Nakivubo huteremsha maji machafu ya jiji hadi katika ghuba hii, yakipitia ardhi oevu ambayo huyachuja. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko Kampala ilikoteka sehemu kubwa ya maji yake kwa miaka mingi. Hoteli inayofukia ardhi oevu, au isiyo na mfumo thabiti wa majitaka, huongeza gharama ya kusafisha maji ambayo mji mzima huyanywa.

Wakazi

Penye ardhi ya mailo, mwenye kibanja hulindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, ikiwa yeye au aliyemtangulia aliikalia ardhi hiyo bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Marekebisho ya 2010 yanaruhusu mtu huyo kuondolewa kwa amri ya mahakama pekee, na kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu. Ununuzi wa hati haufuti haki hiyo.

Umbo na njia

Jengo refu linaweza kuziba upepo na mandhari ya ziwa kwa walio nyuma yake. Ukuta unaofika majini huwakatia wavuvi na wachuuzi njia ya kwenda mwaloni. Barabara ya Port Bell tayari inabeba malori ya mizigo. Kwa hiyo maegesho ya wageni na kituo cha boda boda yafaa yapangwe ndani ya kiwanja.

Nani aulizwe?

Ramani hupitishwa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA). Tathmini ya athari kwa mazingira huidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, na ni sharti watakaoathirika washauriwe. Wakazi na waulize mapema mambo matatu: mpaka uko mita ngapi kutoka majini, majitaka yatakwenda wapi, na njia ya mwaloni itabaki wazi? Majibu yatolewe kwa maandishi kabla msingi haujachimbwa.