MAPITO YA KALE KATI YA KILWA NA ZIWA NYASA

Historia ya Kanisa kusini mwa Tanzania haitenganishwi na historia ya njia. Kabla ya gari la kwanza kufika Mbinga, nchi iliyo kati ya pwani ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilikuwa imekwisha kukanyagwa kwa karne nyingi. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa nchi kavu kutoka Tete hadi Kilwa kwa siku 53, akivuka Mto Shire na Mto Ruvuma. Katika karne ya 19 misafara ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, na pamoja na hivyo, wanadamu waliofungwa makongwa. Majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota yaliwavusha mateka hadi pwani ya mashariki ya ziwa, na kutoka hapo wakatembezwa hadi Kilwa.

Injili nayo ilifuata mapito yaliyokuwapo. Waanglikana wa UMCA walifanya kisiwa cha Likoma kuwa kituo chao mwaka 1885. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipanda Zambezi na Shire, wakavuka ziwa hadi ncha yake ya kaskazini. Kufikia 1895 walikuwa Bulongwa, katika milima ya Ukinga. Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898.

Je, mapito hayo yalipita wapi hasa? Njia ya miguu haiachi mawe wala madaraja. Ikiachwa miaka michache, nyasi huifunika. Kwa sababu hiyo wataalamu wa historia na akiolojia, katika sehemu nyingi za dunia, wameanza kuiuliza nchi yenyewe kwa msaada wa kompyuta. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada, kwa muda wa siku 11, mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Vipimo hivyo huigawa nchi katika miraba midogo, kila mraba ukiwa na kimo chake. Kisha hutumika kanuni ya mwendo, kama ile ya mwanajiografia Waldo Tobler ya mwaka 1993: mtu hutembea kilomita 5 kwa saa mahali tambarare, lakini penye mpando wa mita 30 kwa kila mita 100 mwendo wake hupungua hata kuwa chini ya kilomita 2. Kompyuta hujumlisha muda wa miraba yote na kuchagua njia yenye taabu ndogo kuliko nyingine zote.

Kanuni hii ina mengi ya kufundisha katika nchi ya Mbinga na Nyasa. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000. Kati ya milima hiyo na ile ya Livingstone, Mto Ruhuhu umefungua mlango wa kuteremkia ziwani karibu na Manda. Haishangazi kwamba Wajerumani waliweka hapo bandari yao ya Wiedhafen, iliyohudumia Songea.

Hata hivyo, kipimo cha mpando peke yake hakitoshi. Kutoka Kilwa hadi Mbamba Bay, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 580. Kwa hesabu ya mwendo wa tambarare, saa sita kila siku, safari hiyo ingechukua siku 20 hivi. Lakini Mjerumani Albrecht Roscher, aliyeondoka Kilwa mwezi Agosti 1859, aliliona ziwa mwezi Novemba. Maradhi, njaa, hongo na kungojea ruhusa ya watawala havimo katika vipimo vya rada.

Jambo zito zaidi ni hofu. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni vilipoenea, Wamatengo walikimbilia milimani, na katika miteremko mikali wakalima kwa mashimo ya ngolo. Kompyuta ingeionyesha miteremko hiyo kuwa mahali pa kuepukwa. Kwa mtu anayekimbia utumwa, njia iliyo nyepesi kwa msafara ndiyo iliyokuwa ya hatari, na mlima mgumu ndio uliokuwa kimbilio.

Kwa hiyo ramani ya kompyuta yafaa iwe mwanzo wa kuuliza. Katika bonde la Pangani, mwanaakiolojia Jonathan Walz, ambaye tasnifu yake ilitoka mwaka 2010, aliunganisha masimulizi ya wenyeji na uchimbaji katika njia za misafara, na vitu vya pwani vilivyopatikana bara vilionyesha kuwa mawasiliano hayo yalitangulia karne ya 19 kwa muda mrefu.

Nabii Yeremia aliwaagiza watu wa Yuda waulizie mapito ya zamani (Yer. 6:16). Katika Mbinga na Nyasa, majina ya vivuko, ya miti ya kupumzikia na ya mapango ya kujifichia yangali katika vinywa vya wazee. Mwinuko wa milima utaweza kupimwa tena hata baada ya miaka mia. Majina hayo, yasipoandikwa sasa, hayatapatikana tena. Kazi hiyo ni ya kila usharika, nayo ni heshima kwa waliopita njia hizo wakiwa huru na kwa waliozipita wakiwa wamefungwa.