Rangi katika Miswada ya James Joyce: Alama ya Kazi na Ushahidi wa Historia

Mwandishi James Joyce (1882–1941), mzaliwa wa Dublin nchini Ireland, alianza riwaya yake Ulysses mjini Trieste mwaka 1914, akaiendeleza Zurich, na kuikamilisha Paris, ambako ilichapishwa tarehe 2 Februari 1922. Katika miaka hiyo hakuandika kwa mfululizo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alikusanya maneno na vipande vya sentensi, akavirundika kwenye karatasi kubwa, kisha akavipeleka kimoja kimoja katika mswada. Kila alipotumia kidokezo, alikipiga mstari kwa kalamu ya rangi: nyekundu, buluu au kijani.

Karatasi kadhaa za aina hiyo zimehifadhiwa London. Zinahusu sura saba za mwisho, kuanzia ya 12, ile ambamo wanywaji wa Dublin wanataja ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 juu ya ukatili katika Dola Huru ya Kongo. Azionaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kila rangi iliwekewa sura yake au mada yake. Ulinganisho wa karatasi na miswada hauthibitishi dhana hiyo kikamilifu. Mara nyingi rangi ilitambulisha awamu ya kazi: mwandishi alipoirudia karatasi ileile siku nyingine, kwa marekebisho mengine, alishika kalamu nyingine. Kwa hiyo rangi haikueleza maana ya neno bali safari yake. Lenye mstari lilikwisha kupata makao. Lisilo na mstari lilikuwa bado linangoja.

Utaratibu huo uliendelea katika madaftari ya Finnegans Wake, kitabu kilichomchukua Joyce zaidi ya miaka 15 hadi kilipotoka mwaka 1939. Macho yake yalikuwa yamedhoofu, licha ya kupasuliwa mara nyingi. Katika miaka ya 1930, France Raphael alipewa kazi ya kunakili madaftari hayo kwa maandishi makubwa zaidi. Alinakili vidokezo visivyokatwa tu, kwani vilivyokatwa vilikuwa vimekwisha kutumika. Kwa mwandishi, mgawanyo huo ulifaa kabisa. Kwa mwanahistoria ulileta matokeo yasiyotarajiwa. Baadhi ya madaftari ya asili yalipotea, na leo yanajulikana kupitia nakala hizo pekee. Katika madaftari hayo, kilichosalia ni kile ambacho Joyce alikuwa bado hajakitumia. Kile kilichokwisha kuingia katika kitabu hakionekani tena katika chimbuko lake.

Mahali ambapo daftari la asili lipo, hali ni tofauti. Mstari wa rangi hauzibi neno lililo chini yake. Mtafiti hulisoma neno, huitambua rangi, na pengine huweza kukadiria ni katika awamu ipi lilihamishwa. Alama iliyowekwa kwa haja ya siku moja imegeuka kuwa ushahidi wa namna kitabu kilivyojengwa.

Programu za uandishi za kompyuta zimeurithi utaratibu huu. Katika Scrivener, iliyotolewa mwaka 2007, kila sehemu ya kazi huweza kupewa lebo yenye rangi, na mtumiaji akaamua kwamba rangi fulani ni ya rasimu ya kwanza, nyingine ya sehemu iliyosahihishwa, nyingine ya iliyokamilika. Faida yake ni dhahiri: kwa mtupo mmoja wa jicho mwandishi huona palipobaki kazi. Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi. Kalamu ya Joyce iliongeza alama juu ya alama, ilhali rangi ya kompyuta huiondoa ile iliyoitangulia. Rasimu ikishatangazwa kuwa imekamilika, lebo haionyeshi tena hatua ilizopitia, isipokuwa mwandishi awe amehifadhi nakala ya kila hatua pamoja na tarehe yake.

Jambo hilo linazihusu pia idara za Kiswahili, ambamo tasnifu, tafsiri na manukuu ya simulizi huandikwa kwa kompyuta. Tafsiri iliyosahihishwa mara nne bila kuhifadhiwa hata mara moja humwonyesha mwanafunzi uamuzi wa mwisho tu. Sababu za kuacha neno moja na kuchukua jingine hupotea, na ndizo hasa ambazo angepaswa kujifunza.