Mkate wa Jumapili na Usingizi wa Mwokaji

Jumapili asubuhi, misa ya kwanza inapokwisha katika Kanisa Kuu la Ngokolo, hapana anayehangaika kutafuta kifungua kinywa. Chai imekwisha kuchemka, maandazi na chapati zimo ndani ya ndoo zenye mfuniko, na mkate wa slesi uko duka la jirani. Nilipokuwa masomoni Berlin niliishangaa Jumapili ya wenzetu: karibu maduka yote yamefungwa, nasi wageni tunaulizana bekari gani nzuri iko wazi na itafungwa saa ngapi. Niliuona huo kuwa usumbufu mtupu, hadi niliposoma jinsi mlango ule ulivyopata kufungwa.

Mlaji huutaka mkate ungali wa moto alfajiri. Kwa hiyo sharti mwokaji akeshe. Katika karne ya 19 waokaji wengi wa Ulaya walifanya kazi usiku kucha katika vyumba vya chini ya ardhi, wakivuta vumbi la unga, wiki nzima. Vyama vyao vikadai haki ya kulala. Ujerumani ilipiga marufuku kuoka usiku mwaka 1915, lakini si kwa huruma: ilikuwa vitani na ilitaka kuokoa nafaka. Shinyanga yetu nayo ingali chini ya dola hiyohiyo. Baada ya mapinduzi ya Novemba 1918, serikali mpya iliwapa waokaji siku ya kazi ya saa nane na kuzuia kuoka usiku na Jumapili. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 ikailinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko, na ibara hiyo ingali hai katika Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuzuia kazi ya usiku katika bekari.

Marufuku ya Ujerumani iliondolewa mwaka 1996, walaji wakapata mkate wao wa Jumapili. Hata hivyo mpaka uliwekwa: siku hiyo mfanyakazi wa bekari haruhusiwi kutumikishwa katika kuoka na kusambaza mikate kwa zaidi ya saa tatu. Mlaji alisikilizwa bila mwokaji kusahauliwa.

Turudi Ngokolo. Kwetu mkate wa ngano ni mgeni. Wazee wetu waliamkia viazi, michembe na uji wa mtama. Ngano ilikuja na maisha ya mjini, ambayo reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, iliyachochea. Mkate tuliupokea. Je, na haki ya anayeuoka?

Kwa maandishi, ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, malipo maradufu akifanya kazi siku hiyo, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Lakini kijana anayekanda unga bila mkataba wa maandishi atazidai wapi saa hizo, ikiwa hata kuwapo kwake kazini hakujaandikwa popote?

Na yule mama wa maandazi, aamkaye saa kumi usiku kuwasha jiko? Yeye hana mwajiri. Sheria hiyo haimfikii. Kumfungia biashara Jumapili kwa jina la mapumziko ni kumlaza na njaa. Anachohitaji ni uwezo wa kupumzika bila kukosa chakula: bima ya afya anayoimudu, akiba ya uzeeni, na ushuru usiomeza faida ya asubuhi nzima.

Mwanafunzi anaweza kulitafiti jambo hili, mwanaharakati akalidai, na afisa kazi akalikagua bekarini usiku, si saa nne asubuhi wakati waokaji wamekwisha kwenda kulala. Nami nakiri kwamba kwa miaka mingi nimenunua maandazi pale nje ya kanisa bila kumuuliza muuzaji hata mara moja: mama, wewe unapumzika lini?