Asili ya Nyumba za Wazee Zanzibar: Kutoka Amri ya 1897 hadi Pencheni Jamii

Maandishi mengi kuhusu matunzo ya wazee Afrika Mashariki huzieleza nyumba za wazee kuwa zao la kudhoofika kwa ukoo: vijana wamehamia mijini, wazazi wamebaki peke yao, serikali ikaziba pengo. Kwa Zanzibar maelezo hayo hayatoshi. Wengi wa watu wa mwanzo kutunzwa katika taasisi visiwani hawakuwa wazee walioachwa na watoto wao. Walikuwa watu ambao utumwa uliwakatia nasaba tangu walipovushwa bahari.

Amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliufutia utumwa nguvu yake ya kisheria. Fidia ilikwenda kwa bwana. Aliyeachwa huru, kwa upande wake, alitakiwa kuonyesha kuwa ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kijana mwenye nguvu aliweza kulitimiza sharti hilo kwa kupatana na mwenye shamba la karafuu: kazi kwa kubadilishana na mahali pa kujenga na kulima. Mzee aliyeishiwa nguvu alikuwa na nini cha kubadilisha? Desturi ilimbana bwana amlishe mtumwa wake aliyechoka. Uhuru ulimfungulia bwana huyo mlango wa kujitoa. Frederick Cooper ameonyesha jinsi watumwa wa zamani walivyogeuka maskwota katika mashamba yaleyale. Uchambuzi wake, hata hivyo, ni wa kazi na ardhi, na asiyeweza tena kufanya kazi huonekana humo kwa nadra.

Palikuwapo wakfu. Baadhi ya matajiri walitenga nyumba na viwanja, hasa Ng'ambo, kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao. Lakini wakfu humlinda aliyetajwa na mweka wakfu. Asiyetajwa hana dai. Aliyekosa shamba na wakfu alibakiwa na Walezo (leo Welezo), nje ya mji, ambako misheni ya Kikatoliki iliendesha nyumba ya maskini na makazi ya wenye ukoma kwa ruzuku ya serikali ya ulinzi. Katika nchi ya Waislamu, kwenda kumalizia umri mikononi mwa misheni lilikuwa jambo zito, na ndiyo sababu Walezo ni kipimo kizuri cha ukiwa.

Mapinduzi ya 1964 yaliuvunja mfumo wa mabwana wa mashamba. Ardhi iligawiwa kwa eka tatu tatu, na utegemezi wa mnyonge kwa mwenye shamba, pamoja na fadhila zake chache, ukapoteza msingi. Serikali ya Abeid Amani Karume ilijenga nyumba za wazee Sebleni, na Welezo nayo ikawa chini ya serikali. Msingi wa matunzo ulibadilika kabisa: kilichokuwa sadaka kikawa haki ya raia. Umbo halikubadilika. Mhitaji bado alipaswa kuhama kwake ili ahudumiwe.

Pencheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016, iligeuza umbo hilo. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kipato wala michango ya awali. Kiwango hicho kiliongezwa baadaye. Sasa fedha ndiyo iliyomfuata mzee. Heshima yake nyumbani huongezeka anapoweza kuchangia sukari na sabuni. Ila fedha hiyo hudhania kwamba nyumbani pana mtu. Aliyelala kitandani huhitaji mkono wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha usiku na mchana, na mkono huo, ambao kwa kawaida ni wa binti au mkamwana asiyelipwa, haununuliki kwa shilingi 20,000. Kwa asiye na jamaa, Sebleni na Welezo hazijapata mbadala.

Isitoshe, pencheni huanza kwa kuthibitisha umri na ukaazi. Wengi wa waliofikia miaka 70 mwaka 2016 walizaliwa kabla cheti cha kuzaliwa hakijawa kitu cha kawaida, na umri wa mtu wa namna hiyo huthibitishwa kwa ushahidi wa wanaomfahamu, jamaa na majirani wa siku nyingi. Asiye na jamaa huanza akiwa amepungukiwa mashahidi.