Marais wa Uganda na mambo ya nje: uamuzi wa Ikulu hufika mpakani

Uganda haina bahari. Mizigo yake mingi hushushwa Mombasa na kuingia kwa Malaba au Busia. Mingine hutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula. Kwa sababu hiyo kila rais wa Kampala hukabiliwa na swali lile lile: ajiingize kiasi gani katika mambo ya majirani? Akijitenga, malori husimama. Akijiingiza kupita kiasi, malori husimama vile vile.

Obote na Jumuiya ya kwanza

Tarehe 6 Juni 1967, Milton Obote, Jomo Kenyatta na Julius Nyerere walitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, bandari, posta na ndege viliendeshwa kwa pamoja. Baada ya Idi Amin kumpindua Obote tarehe 25 Januari 1971, Nyerere alikataa kumtambua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977.

Amin na gharama ya ugomvi

Februari 1976 Amin alidai kuwa sehemu ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Baada ya Israel kushambulia Entebbe Julai mwaka huo, uhusiano ulizidi kuharibika, Kenya ikadai kulipwa kwa fedha zake, na Uganda ikakosa mafuta. Mwaka 1978 Amin aliivamia Kagera; tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliiteka Kampala.

Museveni: soko kwa mkono mmoja, jeshi kwa mwingine

Yoweri Museveni, aliyeshika madaraka mwaka 1986, alitia saini mkataba wa Jumuiya mpya mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005.

Wakati huo huo jeshi lake lilivuka mipaka. Liliingia Kongo mwaka 1998 na kutoka 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325, kwa mafungu ya dola milioni 65 kila mwaka. Anayebeba mzigo huo ni mlipa kodi.

Sudan Kusini ni tofauti. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, Museveni alipeleka askari kumsaidia Rais Salva Kiir. Alilaumiwa kwa kuchukua upande, lakini askari hao pia waliilinda barabara ya Nimule–Juba, njia kuu ya wafanyabiashara wa Uganda.

Mpaka wa Rwanda

Si lazima risasi ilie. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, ambao upande wa Uganda huitwa Katuna. Kwanza ilitaja ujenzi, kisha ikailaumu Uganda kwa kuwatesa raia wake na kuwasaidia wapinzani wake. Uganda ilikanusha. Malori yalielekezwa Mirama Hills, na mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022.

La kuzingatia

Vurugu huanza kwa maneno ya viongozi kabla ya kufika forodhani. Marais wanapoanza kurushiana lawama, usiweke mtaji wote katika njia moja. Jua mapema njia ya pili, umbali wake na gharama yake, na kwenye mkataba andika nani atalipa siku ambazo lori litalala mpakani.