Bendera ya Kuazima

Bao halina mwenyewe. Mzee aliyekaa barazani na kete zake hapigiwi simu na mtu kuambiwa kwamba msimu ujao kete hizo hazitumiki, anunue nyingine. Karata zetu za kawaida ni hivyohivyo: ukiwa na 52 zako unakaa na yeyote, mnachanga, mnagawa, mnacheza. Nimekua nikidhani kila mchezo uko hivyo. Kwa hiyo nilipoanza kusoma historia ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliozaliwa Marekani, swali moja lilinikaa kichwani: bingwa wa taifa, katika mchezo wenye mwenyewe, ni bingwa wa nani?

Mchezo huo ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati, na ukaingia sokoni mwaka 1993 kupitia Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa ndogo bado, karibu na Seattle. Karata ziliuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hakujua amepata nini mpaka achane. Kutoka katika alizopata, alizonunua na alizobadilishana na wenzake, kila mchezaji alijipangia seti yake mwenyewe: leo ni karata zisizopungua 60, na karata moja hairuhusiwi kurudiwa zaidi ya mara nne, isipokuwa zile za msingi. Waswahili tunaposema mtu amechanga karata zake vizuri, tunamsifu kwa hesabu alizopiga kabla ya jambo lenyewe. Katika mchezo huu msemo huo una maana yake halisi, kwa sababu nusu ya pambano huchezwa nyumbani, kabla ya kukaa mezani.

Mwaka 1994 Marekani ilimpata bingwa wake wa kwanza wa taifa, Bo Bell. Mwaka huohuo, mjini Milwaukee, Zak Dolan alimshinda Mfaransa Bertrand Lestrée na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalikuwa na sura ya nchi: wachezaji walikuja kama wawakilishi, na pamoja na taji la mtu mmoja likawepo taji la timu za mataifa.

Hapo ndipo ubingwa wa taifa ulipopata uzito. Kuanzia 1996 kulikuwa na mashindano ya kulipwa, Pro Tour, ambako mtu alicheza kwa ajili ya mfuko wake. Mashindano ya taifa yalimpa mchezaji kitu ambacho pesa haikitoi. Kijana aliyezoea kucheza nyuma ya duka la mtaani angeweza kufuzu mkoani, akaenda taifani, na akimaliza miongoni mwa wa juu akasafiri kuiwakilisha nchi yake. Ngazi ilikuwa ndefu, lakini kila mtu aliona inaanzia wapi.

Mfano mzuri ni mwaka 2000. Jon Finkel alitwaa ubingwa wa Marekani, kisha akaenda Brussels na wenzake watatu wa timu ya taifa: Chris Benafel, Frank Hernandez na Aaron Forsythe. Fainali ya dunia ilimkutanisha na Mmarekani mwenzake, Bob Maher. Seti zao zilifanana karibu karata kwa karata, kama ndugu wawili wanaogombana kwa maneno yaleyale. Finkel alishinda, na timu yake ikachukua taji la mataifa. Baadaye Forsythe aliajiriwa na kampuni na kupanda hadi kuongoza ubunifu wa mchezo huo. Aliyeibeba bendera akawa miongoni mwa wenye kiwanda.

Na kiwanda ndicho kilichokuwa na neno la mwisho. Kanuni zilitungwa na kampuni, na chombo cha kusimamia mashindano kilikuwa chake. Tangu 1995 kulikuwa na mtindo wa mashindano unaoruhusu matoleo ya karibuni tu: karata mpya zikiingia, za zamani zinatoka, na anayetaka kubaki mezani anarudi dukani. Mwaka 1999 kampuni yenyewe ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji wa michezo na midoli. Hata ramani ya mataifa ilikuwa yake. Mwaka 2012, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, fainali ilikuwa kati ya Taiwan na Puerto Rico, timu mbili ambazo huzikuti katika orodha ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Taiwan ilishinda.

Kombe hilo lilikuja na gharama yake. Baada ya 2011 mashindano ya taifa yalifutwa, na mahali pake pakawekwa mechi kadhaa za kufuzu katika kila nchi. Timu zikawa zinapatikana bado, ila siku ile moja ambapo nchi nzima ya wachezaji inakutana ukumbini na kutoka na bingwa mmoja ikatoweka. Mwaka 2017 ilirudishwa. Desemba 2018 Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia mjini Barcelona, na halikuchezwa tena. Kampuni ilikuwa imeelekeza macho kwenye mashindano ya mtandaoni, ikitangaza zawadi za dola milioni 10 kwa mwaka 2019. Mashindano ya taifa yakaondoka kwa mara ya pili.

Sisemi kampuni ilimwibia mtu. Kukodi kumbi, kulipa waamuzi na kusafirisha timu za makumi ya nchi ni gharama, na mfanyabiashara anahesabu. Lakini nalinganisha na soka. Viongozi wa shirikisho wakivuruga, tunawapigia kelele, tunadai uchaguzi, na tunasema timu ni yetu kwa sababu kweli ni yetu. Mchezaji wa Magic hakuwa na uchaguzi wa kudai. Aliipenda bendera yake kwa dhati, akalala macho akipanga karata kwa ajili yake, na bendera ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe alipoitaka, aliichukua.

Hata hivyo kuna jambo linalotokea Gothenburg, Sweden. Wachezaji wa huko walianza kucheza kwa karata za 1993 na 1994 peke yake, zile ambazo soko liliziacha nyuma, kwa kanuni walizojitungia. Mashindano yao, n00bcon, wengi huyahesabu kuwa ubingwa wa dunia usio rasmi wa mtindo huo. Bingwa hupewa karata moja ya papa, Giant Shark, iliyotiwa saini na wachezaji wenzake. Nao hawako huru kabisa: baadhi ya karata hizo sasa zinauzwa kwa maelfu ya dola, na mlango wao ni mwembamba kuliko ule wa duka la mtaani. Lakini kanuni haziji kwa barua kutoka makao makuu, na saini zilizo juu ya papa yule ni za watu waliokaa meza moja na bingwa, wakashindwa naye, wakakubali.